Raba za Kumpeleka Cheruto Kwao

Jumanne, tarehe 11 Februari 2014, Land Cruiser ya mwaka 1979, namba KVB 318, ilisajiliwa kwa jina la Kipkirui Bett, fundi wa kuchomelea vyuma wa Kaptembwo, Nakuru. Ndilo gari pekee alilowahi kumiliki. Aliyemuuzia, meneja wa kambi ya watafiti kando ya Ziwa Elmenteita, alimwambia injini ni nzima, na hakusema uongo. Kuhusu sehemu ya chini hakusema kitu. Kipkirui, ambaye kazi yake ni chuma, hakuingia chini kutazama. Alikuwa amefurahi mno.

Magadi ya ziwa yalikuwa yameshaanza kukila chuma cha chini. Katika gari la aina hiyo, bodi haikalii chesisi moja kwa moja. Chesisi ina vikono vifupi vya chuma pande zote mbili, ambavyo Kipkirui huviita masikio. Juu ya kila sikio kuna raba nene, na bodi hukalia raba hizo na kufungwa kwa bolti ndefu. Raba ikiisha, au sikio likiliwa na kutu, bodi huanza kucheza. Gari bado linatembea. Linapiga kelele tu, na mwenyewe huzoea.

Kipkirui alizoea. Alitengeneza mageti na matrela ya watu, gari lake likingoja mwezi ambao kazi itapungua. Kisha, Agosti 2024, akirudi kutoka Olenguruone alikokuwa amempeleka mkewe Cheruto kumwona mamake, gurudumu la mbele lilitumbukia kwenye shimo karibu na Keringet. Sikio la upande wa abiria likakatika. Bodi ilishuka, ikapanda, na Cheruto akarushwa juu kisha akarudi kwenye kiti kigumu kama benchi. Pingili moja ya uti wa mgongo ikapasuka. Daktari alisema atatembea, na anatembea, taratibu, akishika ukuta. Hakumlaumu mumewe hata siku moja. Kipkirui angependa zaidi alaumiwe.

Gari likaegeshwa nyuma ya kibanda chake cha kazi, na halikuguswa hadi Aprili iliyofuata, shemeji yake Kiptanui alipopiga simu kutoka Olenguruone. Mama yao, Tapsabei, alikuwa ameacha kula. Haulizii daktari, Kiptanui alisema. Anamuulizia Cheruto.

Katika boma lile, mama hambariki mtoto wake kwa simu. Huchukua maziwa mdomoni, akamnyunyizia kifuani huku akisema maneno yake, na mtoto sharti awe mbele yake. Tapsabei alikuwa amewabariki watoto wake wote isipokuwa binti yake mkubwa. Mvua ndefu ilikuwa imeanza, na kipande cha mwisho cha njia ni tope ambalo gari dogo kama Probox halipiti. Pikipiki ingemmaliza mwenye mgongo ule. Palibaki gari moja.

Kipkirui aliingia chini yake siku hiyohiyo na kuyagonga masikio kwa nyundo. Mawili yaliitika kwa sauti ya chuma. Mengine yalimwagika kama maganda.

"Boss, hii si kazi ya kuumiza kichwa," alisema Ndegwa, jirani anayekata matairi ya zamani kutengeneza viatu vya akala. "Chomelea bodi kwa chesisi, hapa na hapa. Kesho mko Olenguruone."

"Nikichomelea, itampiga mke wangu kila shimo."

"Basi nikukatie raba za tairi ya lori. Hizo zitakuzika wewe kabla ziishe."

"Hiyo ndiyo shida yake. Ni ngumu, tena zina waya ndani."

"Mkeo anataka kufika. Wewe naona unataka kushinda kikombe."

Kipkirui aliokota spana. Alianza kazi jinsi alivyofundishwa: upande mmoja kwanza, milango ikiwa imefungwa ili bodi isipinde, jeki chini ya kipande cha mbao, bodi ikiinuliwa upana wa kidole tu. Bolti zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Alizipasha moto hadi zikawa nyekundu, na bado nyingine zilikatika. Alikata chuma kilichooza mpaka akafikia kizima, akachonga masikio mapya kwa bamba nene, akayashikiza kwa nukta za moto, akapima, akayabandua mawili yaliyokaa vibaya, akapima tena. Ndipo akachomelea.

Jioni Cheruto alikuja polepole hadi kibandani, mkono ukutani.

"Baba Chepngeno, imebaki nini?"

"Raba."

"Weka za Ndegwa."

"Zitakuumiza."

"Nitalalia godoro huko nyuma. Hata ikinigonga, si nitakuwa nimefika?"

"Wacha nitafute laini. Nipe wiki moja."

"Mama hana wiki," alisema, bila kupaza sauti, kama mtu anayesema chai imekwisha.

Kipkirui alisikia. Lakini alisikia pia, kama anavyosikia kila siku, sauti aliyoitoa mkewe pale Keringet, na hiyo ndiyo aliyoitii.

Asubuhi alikwenda Mai Mahiu. Kuna mtu huko anayevunja malori yaliyoanguka mteremkoni, na kichwa cha lori nacho hukalia raba, laini kuliko za tairi, ili dereva asichoke. Alikuta raba zimeshachukuliwa. Aliambiwa angoje lori jingine lililokuwa likivutwa, akangoja, akilala kwenye loji ya madereva. Alirudi na gunia la raba nzuri zisizo na ufa hata moja, lakini matundu yake yote yalikuwa makubwa kuliko bolti za gari. Ikabidi achonge bushi, vibomba vifupi vya kujaza tundu, moja kwa kila raba. Ndegwa alipita, akatazama, akaenda zake.

Alhamisi mchana Kipkirui alikuwa chini ya gari, akikaza upande wa dereva, aliposikia simu yake ikilia juu ya boneti na Cheruto akiipokea. Alimsikia akiitikia, akiitikia tena, kisha kimya. Akaona malapa ya mkewe yamesimama kando ya gurudumu.

"Mama Chepngeno?"

"Maliza tu," alisema. "Hakuna haraka tena."

Malapa yakaondoka. Kipkirui alibaki amelala chali, spana mkononi. Zilikuwa zimebaki bolti chache, na kwa kuwa hakujua la kufanya, alizikaza.

Jumamosi walipanda kwa njia ya Molo. Gari lilikwenda kimya. Kwa mara ya kwanza tangu alinunue, Kipkirui aliweza kusikia pumzi ya mtu aliyeketi kando yake. Kwenye shimo la Keringet, ambalo hakuna aliyelifukia, alipunguza mwendo hadi karibu kusimama. Bodi ilizama, ikarudi, basi.

"Hairushi," Cheruto alisema, akitazama nje.

"Ee."

"Umeitengeneza vizuri."

Ilikuwa kweli. Kipkirui alingoja aongeze neno, lolote, hata la ukali.

Kiptanui aliwakuta wameshasimama ndani ya boma. "Shemeji, karibuni. Hatujawasikia mkija." Akamshika dadake mkono, wakasimama hivyo. Kisha, kwa kuwa watu wa msiba husema kila wanachokumbuka, akawaambia kwamba Jumatano Tapsabei alitaka kutolewa nje na kuketishwa karibu na lango. Alisema gari la Cheruto husikika likiwa bado ng'ambo ya bonde. Aliketi akisikiliza hadi mvua ilipowarudisha ndani. Kikombe cha maziwa alikuwa amekishika mwenyewe.

Cheruto alisikiliza yote. Hakumgeukia mumewe. Aliuachia mkono wa kakake, akaingia katika nyumba ya mamake, akishika ukuta.

Mazishi ni Ijumaa, saa nne asubuhi. Gari la mochari haliwezi tope lile, kwa hiyo jeneza litaletwa kutoka Molo kwa Land Cruiser, na Kipkirui ndiye atakayeendesha. Jumamosi atarudi Nakuru peke yake. Cheruto amesema atabaki kwa mamake, na hakutaja hadi lini.