Kidude Alichovua Mama

Biashara huria ilipopamba moto, nyumba yetu ya Kariakoo ilibomolewa, tajiri akajenga ghorofa, na mama akapewa vyumba viwili juu kabisa. Lifti ilibaki ahadi. Magoti yalishaanza kumgomea, lakini habari za kuhama hakutaka kuzisikia. Kaka yangu alitaka kumpeleka kwake Mbezi, na mama akamjibu kwamba Mbezi ataenda akiwa ndani ya jeneza.

Ndipo akaja daktari mmoja mtafiti na kidude cha kuvaa mkononi, mfano wa saa isiyo na mishale. Kilipima mzee anavyotembea, anavyoketi na kuinuka, ijulikane kama nguvu zinamwishia kabla hajaanguka. Kaka akadakia: kikionyesha mama amedhoofika, anahama. Mama alikubali upesi mno. Roho yangu haikutulia.

Mchana alizunguka sebuleni kwa makusudi, akaenda dirishani kuwafokea makuli wanaoshusha majora ya vitambaa. Lakini kila adhana alikivua kile kidude, ingawa daktari alishasema hakiharibiki kwa maji.

"Siswali na lidude mkononi," aliniambia.

"Mbona bangili unaswali nazo?"

"Bangili hazina umbea."

Nilicheka. Mama alikuwa na maneno.

Alasiri moja nilifunga duka langu la kanga pale chini, nikampandishia uji. Nilipiga hodi, kimya. Nikasukuma mlango, nikamkuta kwenye mswala, amesujudu. Nikakaa kumngoja amalize. Uji ulianza kushika utando juu. Kisha akasema, paji la uso likiwa bado chini:

"Mwanangu, niinue. Niko hapa tangu adhuhuri."

Miguu yake ilikuwa ya baridi na mswala umelowa. Nilimwinua kwa hasira na hofu, sijui ipi ilizidi.

"Kaka yako asijue," alisema. "Nikitoka humu nitakufa."

Daktari alileta majibu: mama yuko imara kwa umri wake. Muda ambao kidude hakikuvaliwa haukuhesabiwa. Kaka akaridhika, akamshukuru Mungu. Mama alinikazia macho, nami nikamimina chai vikombeni.

Vyumba vikabaki vyake. Toka hapo, kila adhana ilinikuta ngazini, wateja nimewaacha dukani, nikiomba nimkute amesimama.