Kuvuka Gucha na Mwanangu

Mtu wa kutuongoza mtoni sikumpenda tangu aliponisalimu. Mkono mmoja alinipa mimi, wa pili akamwekea mwanangu begani kana kwamba wanajuana tangu jadi. Kazi yangu ni ya bima, mjini Kisii. Watu huniletea magari yaliyobondeka pamoja na hadithi za jinsi yalivyobondeka, nami nalipwa mshahara kwa kutoamini. Mke wangu husema kazi hiyo nimeileta mpaka mezani, kwamba hata chai nikitiliwa nauliza imechemshwa saa ngapi. Basi tulipoacha gari kando ya barabara, nilimpiga picha kwa siri huyo bwana, yeye na namba ya pikipiki yake.

Mwanangu alikuwa na miaka kumi na miwili. Desemba alikuwa ametahiriwa, akakaa ndani mwezi mzima kwa nyanya yake karibu na Birongo, na alipotoka alikuwa mtu mwingine. Zamani nikirudi kazini alikuwa ananirukia na habari za shule kabla sijavua viatu. Sasa nikiingia sebuleni anasimama. Nikimuuliza jambo ananijibu neno moja, na tukikutana kwenye mlango wa bafu anajibana ukutani hadi nipite. Najua hiyo ndiyo chinsoni, adabu ya kuoneana haya baina ya baba na mwana aliyekwisha kutahiriwa: mimi siingii chumbani mwake, yeye hanioni nikivua shati, na yako mambo ambayo hatuyataji mbele ya mwenzetu. Nami nililelewa hivyohivyo, wala sikuona ubaya wake mpaka nilipojikuta upande wa baba. Nilihisi mtoto ananiponyoka, na nilitaka nimrudishe karibu kabla shule hazijafunguliwa.

Ndiyo maana nikapanga safari ya kuvua samaki. Mvua za Aprili zikizidi, ningu hupanda mto Gucha kutoka ziwani, wakitafuta nyasi zilizofunikwa na maji wapate kutaga mayai. Mfanyakazi mwenzangu aliniambia yupo mtu huko mbele ya Kenyenya anayezijua njia zao. Nikanunua fimbo ya kuvulia, ile ya kisasa yenye gurudumu la kukunjia uzi. Yule bwana aliitazama akacheka waziwazi.

"Mzee, hii rudisha kwa gari. Ningu haimezi ndoana. Inaingia hapa." Akanionyesha mgono wake, mtego wa fito uliosukwa kama kikapu kirefu.

Mtu akikwambia kifaa chako hakifai, jua ana chake anachotaka ukitegemee. Ndivyo nilivyojiambia nikiirudisha fimbo kwenye buti.

Tuliteremka kupitia mashamba ya migomba, wao mbele, mimi nyuma nikiteleza kwenye tope na viatu vya ofisini. Walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini. Mwanangu, asiyenipa zaidi ya neno moja, alikuwa akiongea mfululizo. Niliongeza mwendo niwasikie, na nilipowafikia wakanyamaza.

"Mnasema nini?" nikauliza.

"Mambo ya samaki tu, tata," akajibu mwanangu. Tata kwetu ni baba. Nilimwona akibana midomo, na wivu ukanichoma, sitaki kudanganya.

Mto tuliusikia kabla ya kuuona. Ulikuwa umejaa hadi kwenye nyasi za malisho, maji mekundu, yakiburuta migomba mizima. Mwenyeji wetu alichomeka mti mrefu majini hapa na pale, akarudi.

"Samaki ziko hiyo ng'ambo. Hapa maji ni ya kiuno. Lakini suruali inashikwa na maji, inakuangusha. Lazima kuvua." Akamtazama mwanangu, kisha mimi. "Huyu ni omomura tayari?"

Omomura ni kijana aliyetahiriwa. Nikasema ndiyo, tangu Desemba.

"Basi hamuwezi kuvuka pamoja. Nitapeleka yeye hapo nyuma ya kona, kwa matete. Wewe ngoja hapa. Nikimfikisha, nakuja kukuchukua."

Kila neno lilikuwa sawa, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Kwa kazi yangu, maelezo yasiyo na kasoro ndiyo ya kuchunguzwa kwanza.

"Kwa nini usinivushe mimi kwanza?"

"Na kijana atabaki na nani?"

Nilipogeuka, mwanangu alikuwa ameshaingia kwenye matete.

Nikabaki nimesimama. Huyu mtu simjui kwao. Sijui mke wake, sijui kanisa lake, na mtoto wangu wa pekee nimemkabidhi kwa mkono wangu mwenyewe. Picha ya pikipiki itanisaidia nini? Ndipo niliposikia sauti ya mwanangu, nyembamba, kali, mara moja, kisha tena.

Nilikimbia. Matete yalinichana mikono na sikuyasikia. Nilipotokeza ukingoni niliwaona katikati ya mto. Yule bwana alikuwa mbele, na kaptula na shati lake, bunda la nguo za mwanangu kichwani, ameshika ncha moja ya ule mti. Mwanangu alikuwa nyuma yake ameshika ncha ya pili, amebaki na nguo ya ndani tu, maji kiunoni. Hapakuwa na baya lolote. Kila kitu kilikuwa kama nilivyoelezwa, na ningerudi nyuma kimyakimya, yangeishia hapo.

Nikamwita mwanangu kwa jina.

Akageuka. Akaniona namtazama. Akauachia mti, akajisitiri kwa mikono yote miwili.

Maji yakamchukua papo hapo. Yule bwana alitupa nguo, akajirusha, akamdaka mkono kwenye kichaka hatua chache chini, akamvuta hadi ng'ambo. Mimi nilikuwa nimesimama na viatu vyangu. Sijui kuogelea. Nilipiga kelele tu, hata sikumbuki nilisema nini.

Yule bwana alivua shati lake akamfunika mwanangu, kisha akanipungia mkono kwa hasira. "Mzee, geuka!"

Nikageuka. Niliyatazama matete, na nyuma yangu nikamsikia mtoto akikohoa maji, akikohoa, akikohoa.

Siku hiyo hatukuvua samaki. Alimzungusha hadi darajani, mwendo mrefu, mwanangu amejifunga shuka ya kuazima. Niliwangoja hapo. Nilimshukuru yule bwana kwa mikono miwili, naye akaitikia kwa kichwa, akasema anaenda kutafuta mgono wake. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Kwenye gari mwanangu aliketi kiti cha nyuma. Nilimwambia ukweli, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa.

"Nilisikia unapiga yowe. Nikadhani yule mtu anakudhuru."

Tukaipita Kenyenya. Nilimtazama kwenye kioo. Alikuwa akiangalia nje.

"Sikupiga yowe, tata," akasema. "Samaki zilikuwa zinapita katikati ya miguu yangu. Nilikuwa nacheka."