Siku Nilipomwita Baba Fidel Mwizi wa Waifai

Nilishindwa kuvumilia, nikatoka nje na leso, kichwa kimesukwa nusu, nikasimama katikati ya ploti yetu hapa Migosi nikapiga kelele: "Baba Fidel! Toka kwa waifai yangu, mwizi wewe!" Aibu ya hiyo sentensi bado inanifuata hata nikienda kununua nyanya.

Sababu ni hii. Mimi huhariri vidio za harusi. Kazi ilikuwa kwa laptopu sebuleni, na lazima ingefika kwa kompyuta kubwa ya chumbani ndiyo niimalizie, kwa sababu mama ya bibi harusi alikuwa anaijia mchana huo waionyeshe wakwe huko Ahero. (Flash? Mtoto aliitia kwa uji, msiniulize.) Basi nikaituma kwa neti ya nyumba kama kawaida, kitu ya dakika chache, kompyuta ikaniambia ngoja mpaka kesho. Nikazima, nikawasha. Kesho kutwa. Mtu mwenye akili angeanza na rauta, ile mashine ya waifai. Mimi nikaanza na jirani, ambaye nilikuwa nimempa mtoto wake pasiwadi afanyie kazi ya shule.

Baba Fidel akatoka polepole, sabuni ya kunyoa kwa mashavu. "Mwizi ni mimi, Mama Laventa?"

"Ni wewe! Unatazama mpira na kazi yangu imekwama!"

Akatoa simu yake mfukoni. Kabambe, ile ya tochi, imefungwa na raba. "Mpira nitatazamia kwa tochi? Na Fidel si alirudi bweni?"

Wamama waliokuwa wanafua wakacheka mpaka mmoja akakalia beseni.

Ningenyamaza hapo ingekuwa nafuu. Lakini mimi huyu nikamwambia aingie ajionee, akaingia, na wamama wote nyuma yake na povu mikononi, wakamkuta mama mkwe wangu (alikuwa amekuja kututembelea) ametulia kwa kochi na mtoto.

"Mashine yenyewe iko wapi?" Baba Fidel akauliza.

Nikaonyesha juu ya kabati. Kulikuwa na kitambaa tu. Waya ulikuwa umeteremka mpaka sakafuni, ukaingia kwa sufuria yangu kubwa ya ugali, sufuria imefunikwa, na juu ya kifuniko, jiwe.

"Ni mimi," mama mkwe akasema. "Jana radi ilipiga si mchezo. Na huyu mtoto anaivuta. Humo iko salama."

Sasa nyinyi mnajua mama ya bwanako habwekewi, tena mbele ya watu. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya kanisani: "Asante sana, Mama."

Baba Fidel akageukia ukuta, mabega yakitingika.

"Mshukuru mwanangu," mama mkwe akasema. "Ndiye alinipigia, 'Mama, kukinguruma ficha hiyo kitu.'"

Nikaitoa rauta kwa hiyo sufuria iliyokuwa imeizibia neti, vidio ikapita kabla chai ichemke, mama ya bibi harusi akaja akaichukua akifurahi. Baba Fidel nikampelekea samahani na sahani ya omena, akapokea zote mbili. Sitamwita tena mtu mwizi kabla sijafunua sufuria zangu.

Lakini hasira lazima iende mahali, na nilifundishwa barua rasmi sekondari, kwa hivyo bwanangu alipata hii kwa simu akiwa kazini:

"Kwa Baba Laventa. YAH: MALALAMIKO. Uliagiza rauta ifichwe bila kumjulisha anayeitumia. Ploti nzima imenicheka. Naomba urudi haraka umweleze mama yako, kwa upole, kwamba rauta haipikwi. Mimi siwezi, nimeshamshukuru. Wako mwenye hasira, Mama Laventa."