Kiganja na Kifua cha Fundi Cherehani

Nafanya usafi katika wodi ya wagonjwa mahututi. Si msemaji; mtu akiniuliza jambo, huwa naangalia fagio kwanza. Ila macho ninayo, na kwa miaka kumi na mmoja nimemwona muuguzi mmoja ambaye wodi nzima tunamwita Kiganja.

Jina amelipata kazini. Mgonjwa aliyewekewa mpira kooni hawezi kukohoa vizuri, na makohozi yakigandia ndani, mashine inahangaika bure kumpulizia hewa. Kwa hiyo Kiganja haangalii mitambo peke yake. Kabla ya kuwasha nebulaiza, kile kikopo kinachogeuza maji ya chumvi kuwa ukungu, anasugua mikono ipate joto, anavaa glavu, anaweka kiganja kifuani. Mkwaruzo wa makohozi anausikia kwa ngozi. Ukungu ukiisha anavuta makohozi kwa mpira mwembamba, kisha anagusa tena.

Wiki iliyopita alimhudumia fundi cherehani mwenye nimonia. Asubuhi daktari alisema, "Makohozi yasipolainika leo, kesho tunamtoboa koo apumulie hapo." Mke wa fundi aliliogopa neno hilo kuliko ugonjwa wenyewe.

Saa nne Kiganja akampa ukungu. Akavuta; hakikutoka kitu. Saa saba, vilevile.

"Mbishi tu huyo," mke akasema. "Hata nyumbani ukimwambia toka, ndiyo kwanza anakaa."

Kiganja akacheka, lakini uso ulikuwa umemshuka. Akafuata bomba kwa kidole, kutoka kwenye mashine kuelekea mdomoni. Kidole kikasimama. Kati ya nebulaiza na mgonjwa palikuwa na kichujio, kidude cha kutunza unyevu wa pumzi. Hutolewa kabla ya ukungu, na yeye hakukitoa. Kilikuwa kimelowa chapachapa.

Ningekuwa mimi, ningekitupa nikanyamaza. Yeye alikichomoa, akamwonyesha yule mama.

"Mama, kosa ni langu. Ukungu wote umeishia humu, haukumfika."

Mama akakitazama kile kidude kilicholowa. "Sasa utamfika?"

"Utamfika."

"Basi fanya, mwanangu. Lawama zina siku yake."

Kiganja akampigia daktari akamweleza, kisha akaanza upya. Safari hii makohozi yakaja, mazito, ya njano, yakivutika kama gundi. Saa kumi na moja akarudia. Yakaja mepesi zaidi, na fundi akakohoa mwenyewe, mabega yakatikisika. Mke akamshika mguu asiuachie.

Saa mbili usiku daktari alisikiliza mapafu yote mawili. Alichukua muda. Halafu akamwambia mama kwamba koo la mumewe litabaki lilivyo.

Zamu ya Kiganja ilikuwa imeisha tangu saa moja, lakini alikuwa bado mlangoni, mkoba begani. Alifuta macho kwa mkono wa sweta, akanijia.

"Kaka, ndoo uiburute taratibu," akaninong'oneza. "Fundi amelala."