Pumzi ya Mjomba Asiyekula Ugali

Mimi niliishia darasa la nne, na sioni aibu kulisema hilo, kwa sababu walionizidi madarasa nimewaajiri. Zamani, kupitisha gunia la mahindi kwenye kizuizi bila kibali ilikuwa kesi. Kisha milango ikafunguliwa, kila mtu akaruhusiwa kununua na kuuza apendavyo, na wasomi wa Morogoro wakakaa vibarazani kujadili kama jambo hilo ni zuri. Mimi sikujadili. Nilinunua mashine ya kusaga, ya mtumba, yenye kelele kama ugomvi wa wake wenza, nikaifunga Kihonda wakati Kihonda bado ni vichaka. Leo ninazo nne, na sembe yangu inaliwa mpaka Kilakala, kwa watu wanaojisikia.

Soko huria likanipa nyumba, likanipa gari, likanipa na tumbo. Tumbo lenyewe nililipenda. Lilikuwa likitangulia kuingia benki, mimi nikifuata, na wote wawili tukipewa kiti. Lakini Krismasi moja nilikwenda kwetu milimani. Gari nililiacha Mkuyuni, na kutoka pale ni miguu na mlima tu. Nikapitwa na wanawake waliokuwa wanarudi kutoka sokoni, wamejitwika mifuko ya unga. Unga wangu mwenyewe! Bibi mmoja akasimama, akanitazama nilivyokaa juu ya jiwe nikihema.

"Pole, baba. Tukubebe?"

Wenzake walicheka mpaka kona ya tatu.

Hilo ningelimeza kama si harusi. Binti wa dada yangu alikuwa aolewe baada ya Pasaka, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba yake hununua suti na kupigwa picha. Anayembariki ni mjomba. Asubuhi ya harusi, kabla bibi harusi hajatoka kwenda kanisani, mjomba mkubwa huchukua maji kinywani, akampulizia usoni na kichwani, kisha akamwinamia na kumsemea maneno ya ukoo, paji kwa paji. Mjomba mkubwa ni mimi. Nikishindwa kuupanda ule mlima, kazi inamwangukia mdogo wangu, mtu ambaye tangu ujana wake hajawahi kulala akiwa hajalewa.

Basi nikaamua kupungua. Miaka ile simu za kupangusa zilikuwa zimeshaingia, na kila aliyekuwa na bando alikuwa daktari. Nikalipia kuingizwa kwenye kundi la kijana mmoja aliyekuwa akiuza ushauri wa kula. Akatuambia tuache ugali, wali, viazi, ndizi, mihogo, maharage, na matunda karibu yote. Tule nyama, mayai, parachichi, mboga za majani, na mafuta bila woga. Yaani mimi, mwenye mashine nne, niache ugali. Nikaacha. Nikishaamua jambo, limeamuliwa. Wateja wakaanza kunong'onezana kwamba kama mwenyewe haugusi, basi ndani ya unga ule kuna kitu.

Wiki ya pili suruali zikaanza kuteleza. Na pumzi ikaanza kunuka.

Haikuwa harufu ya meno mabovu, hiyo ningeielewa. Ilikuwa tamu na kali kwa pamoja, kama ndizi mbivu zilizosahauliwa guniani zikachacha. Mke wangu ndiye aliyeitambua kwanza, kwa namna yake.

"Baba watoto, mbona unanuka dawa ya kufutia rangi ya kucha?"

"Mimi? Kucha za nani?"

"Mwenye kucha anajijua."

Akachukua mto wake, akahamia chumba cha watoto.

Kwenye lile kundi kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema tafuna karafuu. Nikatafuna mpaka ulimi ukafa ganzi na wateja wakadhani nimepata kiharusi. Mwingine iliki, mwingine mchaichai. Pipi za mnanaa zilikatazwa kwa sababu zina sukari. Nilinunua mswaki wa betri unaotetemeka kama mashine yangu ya kwanza. Nikanuka karafuu, iliki, mchaichai, na ndizi zilizochacha nyuma yake. Kijana mwenyewe akaandika kwamba tusijali, hiyo ndiyo harufu ya mafanikio, akaweka na picha ya misuli yake. Mafanikio! Mafanikio ninayajua, nimekaa nayo nyumba moja zaidi ya miaka ishirini, hayanuki vile.

Mwishowe nikaenda zahanati. Tabibu alikuwa binti mdogo tu. Akaniamkia, akavuta hewa mara moja, na kabla sijaeleza chochote akanitoboa kidole kupima sukari.

"Mwenye kisukari akinuka hivi tunamkimbiza hospitali," akasema. "Wewe sukari yako nzuri. Umeacha kula wanga, mzee?"

"Umejuaje?"

"Mwili ukikosa wanga unachoma mafuta yake, na mabaki mengine yanatokea kwenye pumzi. Hii inatoka mapafuni. Ukipiga mswaki unafagia mlangoni tu, jiko liko ndani."

"Dawa yake?"

"Kunywa maji mengi, vumilia. Kwa wengi hupungua baada ya wiki kadhaa. Au rudisha wanga kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Akalitazama tumbo langu. "Kiasi ambacho nadhani hujawahi kukizoea, mzee."

Nikachagua kuvumilia. Wiki zikapita, tumbo likaondoka, harufu ikabaki. Wengi walipona, mimi sikuwa miongoni mwa wengi, jambo ambalo kwa kawaida hunifurahisha.

Nikapanda mlima Jumatano, harusi ni Jumamosi. Nilipanda bila kukaa kwenye jiwe hata moja, nikawapita vijana wawili wenye baiskeli mabegani, nikafika kwa dada yangu shati likiwa kavu. Yeye ni mkubwa wangu, ndiye aliyenilea.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu! Umekwisha hivyo, unaumwa?" Akanikumbatia. Kisha akajitoa taratibu, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. "Umeanza lini?"

"Kuanza nini?"

"Kunywa."

"Dada, unajua sijawahi kuonja pombe."

"Nilikuwa najua."

Nikamweleza habari ya mafuta na mapafu, kama nilivyoelezwa. Wanawake waliokuwa wakichambua mchele uani wakaacha kuchambua.

"Ati mafuta yanaungua tumboni?" mmoja akauliza. "Mbona moshi hatuuoni?"

"Ngoja acheke, utauona," akajibu mwenzake.

Dada hakucheka. Akasema mdogo wangu ndiye atakayempulizia mtoto maji.

"Yule? Yule ananuka komoni mpaka kwenye kofia!"

"Ya yule tunaijua ni pombe. Mtoto amekua akiinusa, hatashtuka. Ya kwako wewe hatujui ni ya nini. Unataka mwanangu aende kanisani amepuliziwa kitu nisichokijua?"

Nikatazama nje. Mdogo wangu alikuwa ameshika kibuyu, anajipima pumzi kwa kuwapulizia kuku maji. Kuku walikuwa wanakimbia, yeye anapepesuka nyuma yao.

"Usihangaike, kaka!" akaniita. "Mimi niko tayari!"

Katika maisha yangu nimeshindana na matajiri wenye malori, sikuwahi kumpisha mtu. Nikaketi kwenye mkeka.

"Leteni ugali," nikasema.

Wakaleta mlima na maharage yake. Mkono wangu ulisita kidogo, kwa sababu nilikuwa nimewatangazia Kihonda nzima kwamba sitaugusa tena. Nikamega. Mungu anisamehe, ulikuwa mtamu. Alhamisi asubuhi magimbi, mchana ugali, jioni ndizi za kupika. Kila nikimaliza dada ananisimamisha mlangoni.

"Puliza."

Napuliza. Ananusa, anawaita wale wa mchele nao wananusa, wanashauriana kama baraza la kata.

"Bado," wakasema Alhamisi.

"Inaondoka," wakasema Ijumaa jioni.

Jumamosi asubuhi dada alinusa mara mbili, amefumba macho.

"Sasa unanuka mtu," akasema, akanikabidhi kibuyu.

Mpwa wangu alikuwa amepiga magoti, amevaa gauni jeupe, usoni amepakwa poda na mtaalamu kutoka mjini niliyemlipa mimi. Maji yalikuwa ya chemchemi, baridi ya kuuma meno. Nikajaza kinywa kuliko inavyotakiwa, maana nilikuwa nimeyasubiri sana, nikapuliza kwa nguvu zote nilizozipata kwa mayai na parachichi. Poda ikateremka mpaka shingoni.

"Kaka!" mdogo wangu akapiga kelele kutoka nyuma. "Unambariki au unamwogesha?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikamwinamia mtoto, nikaweka paji langu kwenye lake, nikafungua mdomo, na maneno yote ya ukoo yakanipotea. Nikabaki nahema tu, pumzi yangu yote usoni mwake. Hakulisogeza paji lake.

"Nakusikiliza, mjomba," akasema.

Nikaanza na jina la bibi yake.