Rafiki Aliyeichoma Chale Yetu

Nilikosa mimi, na kosa lenyewe nililifanya kwa kinywa changu. Kanisani kwetu sijamwambia mtu. Nakuambia wewe.

Ilikuwa miaka ya arobaini. Mimi ni mwindaji wa Walikale, upande wa Kashebere. Nilikuwa na rafiki, mkulima wa Kingi huko Masisi. Mimi nampa nyama, yeye ananipa maharagwe. Tulipendana hata tukachanjana: kila mmoja chale kifuani, tukaonjana damu, tukawa ndugu. Mke wangu ndiye aliyetushikia kisu.

Wiki hiyohiyo daraja la barabara ya Wazungu likakatwa. Askari wakanikamata, wakaona chale mbichi. "Huyu amekula kiapo cha kumupiga Bula Matari!" wakasema, yaani serikali ya Wazungu. Mahakamani nikaulizwa nimechanjana na nani. Nikanyamaza, maana ndugu wa damu hatajwi mbele ya adui. Wakanipa miaka mitano kwa kula njama.

Nikakata rufaa. Safari hii rafiki mwenyewe alikubali nimtaje, aje kuonyesha chale yake, hakimu aelewe ni urafiki tu. Kabla ya siku hiyo alikuja gerezani kuniona, shati amelifunga hadi shingoni. Nilipomkumbatia akajikunja. Nikadhani ni uchungu wa kuniona kifungoni!

"Nitakuja, kaka. Sisi njo damu moja," akaniambia.

Alipoondoka, mke wangu, aliyekuwa ameniletea chakula, akasema, "Papa, huyu muntu iko na kidonda kwa kifua. Juu ya nini anaificha? Uniite mimi kwa juji. Mimi njo nilishika kile kisu."

Mungu anisamehe! Nilimkaripia mbele ya wafungwa wote. "Mama, nyamaza. Hii ni mambo ya wanaume. Rudia kwetu!" Akabeba kikapu chake, akaenda.

Siku ya rufaa rafiki akafungua shati. Mahali pa chale palikuwa na kovu la moto, bado jekundu.

"Niliungua na sufuria ya maharagi," akasema. "Huyu muntu simujui."

Hata kunitazama hakunitazama. Ndugu yangu! Alijichoma nyama yake mwenyewe ili asinijue, asije akafungwa pamoja nami!

Nikapiga kelele, "Mwiteni mke wangu!" Hakimu akauliza kwa nini sikumtaja tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyemfukuza. Rufaa ikatupwa.

Nilitumikia miaka yote mitano. Niliporudi nilimkuta mke wangu, na kaburi la kitinda mimba wetu nyuma ya nyumba. Alinipikia, akanitandikia. Lakini kila nikimuuliza mtoto aliugua nini, alinitaja akiugua au hapana, ananiwekea sahani mbele na kusema, "Nyamaza, Papa. Hii ni mambo ya wanawake."

Rafiki yule simsamehe, nasema wazi. Ila yeye hakumziba mdomo shahidi wangu, nilimziba mimi. Jamani, msinifuate! Wewe mwenye mke, akikuambia ameona kidonda, mfungue rafiki yako shati kwanza.