Mwezi wa Majivu wa Mazinde

Msomaji wangu, rafiki yangu wa Mazinde amefariki. Habari nilipewa Segera na mwenye kibanda cha chai, naye hakuacha hata kumimina. Marehemu alikuwa fundi mitambo kwenye shamba la mkonge, lakini wengi tulimjua kwa mchezo wake. Redio ilipotangaza kwamba binadamu wametua mwezini, furaha ilimpanda kichwani. Jumapili iliyofuata alifunga debe kwa kamba mbili za mkonge, akazipitisha juu ya boriti ya banda, na chini akatandaza majivu. Huo ndio ulikuwa mwezi. Ndani ya debe aliweka kikombe cha maji kilichojaa pomoni, na maji hayo ndiyo wasafiri. Rubani, yaani mchezaji wa zamu, alikaa kwenye sanduku, ameupa mwezi mgongo, akishusha chombo chake kwa kutazama kipande cha kioo tu.

Jamani, tulicheka! Kwenye kioo kulia ni kushoto, basi unavuta kamba hii, debe linakimbilia kule. Maji yakimwagika, watu wazima na ndevu zao wanapiga kelele, "Umewaua wote, muuaji wee!" Siku moja nilitua bila kumwaga tone, nikaruka kwa shangwe. Akanitoa mchezoni.

"Hujapiga hodi," alisema.

"Mwezini kuna nani?"

"Unajuaje? Umeshafika?"

Nikarudia. Nikaita hodi huku debe likining'inia. "Subiri kidogo," akajibu kutoka nyuma ya sanduku, "wenyeji wanavaa." Huyo ndiye mtu niliyemjua mimi.

Kisha ikaja amri ya serikali ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Shule na zahanati tulizoahidiwa huko, nani asiyezitaka? Lakini mama yake rafiki yangu, huko Handeni, alikataa kuliacha kaburi la mumewe. Viongozi wakamtuma mwanawe akambembeleze. Akamwambia, "Twende, mama. Pakitushinda, nitakurudisha mimi mwenyewe." Mama akapanda lori kwa neno hilo. Hawajafika mbali wakaona moshi nyuma yao: nyumba zinachomwa ili asirudi mtu. Makao mapya hayakuwa na maji. Kila mwana alipokwenda kumwamkia, kabla hata ya kuitikia shikamoo yake, mama aliuliza, "Mwanangu, tunarudi lini?" Naye akajibu, "Karibuni, mama," mpaka siku alipomzika huko huko. Aliporejea Mazinde alizikata kamba zile za debe. Nilipomwomba tucheze, alinikatiza, "Usinitajie tena."

Aliusia azikwe kando ya baba yake. Ndugu walikwenda kulitafuta kaburi kwenye kijiji kile kilichochomwa, wakazunguka vichakani kutwa nzima, wakarudi mikono mitupu. Tumemzika Mazinde, mbali na baba, mbali na mama. Nimetafuta neno la kuwafariji wafiwa na nimelikosa. Hata mimi mwenyewe sina la kujifariji. Ninalolijua ni hili tu: anayemwambia mtu hama, amwonyeshe kwanza njia ya kurudi. Na kama njia hiyo haipo, aseme hivyo kabla mama wa watu hajapanda lori.